Pizza ya Nungwi, tambi za Kiwengwa au jioni ya Shangani: wapi pa kula Kitaliano Unguja

Mtu akiniuliza wapi pa kula Kitaliano hapa Unguja, namrejeshea swali: unafuatana na nani? Mkahawa unaomfaa kijana aliyemtoa mchumba wake haumfai mtu aliyefuatana na mama mkwe na watoto wa kaka yake. Na mkahawa anaousifu mgeni wa Milano unaweza kukukalisha mbele ya menyu ndefu usipate cha kuagiza ila maji na saladi. Waitaliano wamekuwa wengi kisiwani kwa miaka, mikahawa yao imetapakaa kuanzia Shangani mpaka Nungwi, na karibu kila mmoja umeandika mlangoni pizza, pasta na gelato. Kibao hakikwambii kitu.

Nalinganisha sehemu ambazo mtu wa Mjini atazifikiria akiwa na Jumamosi yake na vijisenti vyake: Shangani, Nungwi na Paje, Kiwengwa, na ule mwamba wa Pingwe. Forodhani nimeitia kwa sababu najua nitaulizwa.

Kabla ya mahali, nyama

Tuanze na lile ambalo watu huona haya kuliuliza. Chakula cha Kitaliano kina nguruwe na mvinyo pahala usipopatarajia. Prosciutto na salami watu washazijua, wanaziruka. Zinazowanasa ni zile ambazo kwa macho hazina dalili. Carbonara ya asili ni mayai, jibini ya pecorino, pilipili manga na guanciale, yaani shavu la nguruwe lililotiwa chumvi likakaushwa. Amatriciana, ile nyekundu ya tungule, ina guanciale hiyo hiyo. Ragù ya Bologna ndiyo inayopita kimya kuliko zote, maana kwa mtu wa hapa ni rojo ya kima tu. Mapishi yake yaliyosajiliwa mwaka 1982 kwenye Chemba ya Biashara ya Bologna yana nyama ya ng'ombe, pancetta ambayo ni nyama ya tumbo la nguruwe, na mvinyo. Lasagne ya huko hupangwa kwa ragù hiyo.

Halafu kuna mvinyo usiotajwa kwenye menyu. Risotto hunyunyiziwa mvinyo mweupe mwanzoni, mchele ukishakaangwa. Tambi za vitu vya baharini nazo hutiwa kidogo kwenye kikaango. Kwenye vitu vitamu, tiramisù mara nyingi huloweshwa mvinyo wa Marsala au ramu, na panna cotta hugandishwa kwa jeletini, ambayo huenda ikawa ya nguruwe. Hata jibini ya Parmigiano Reggiano hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka kwenye tumbo la ndama. Wapo wanaoila bila ya wasiwasi na wapo wanaojizuia. Hilo muulize shekhe wako, mimi sina fatwa.

Kwa hiyo usiulize "Chakula chenu halali?" Jibu la swali hilo ni "Ndiyo, karibu" kila pahala, na anayejibu hana nia mbaya. Uliza kwa jina la kitu: "Kaka, hebu niulizie jikoni, ragù yenu ni ng'ombe mtupu au mmechanganya? Na mvinyo mmetia?" Pia ujue kipi kinaweza kubadilishwa na kipi hakiwezi. Tambi za kamba au pweza hupikwa sahani kwa sahani, kwa hiyo ukisema mapema "bila mvinyo" mpishi hana tabu, atatia maji ya tambi na ndimu. Ragù imepikwa tangu asubuhi kwenye sufuria kubwa. Hapo hapana cha kupunguza, ni kula au kuacha. Bresaola, nyama ya ng'ombe iliyokaushwa ya bonde la Valtellina, inaonekana salama mpaka uione ikikatwa kwenye mashine ile ile iliyokata salami.

Hapa ndipo sehemu zetu zinapoachana. Shangani wateja ni mchanganyiko, na mtu wa Malindi au Kikwajuni huingia na familia yake bila ya kushangawa, kwa hiyo swali la nyama limeshazoeleka na utajibiwa bila ya kukunjiwa uso. Pwani ya mashariki na kaskazini jiko limepangwa kwa ajili ya mgeni aliyeshuka kwenye ndege ya moja kwa moja kutoka Italia, na nguruwe amesafiri naye. Si kwamba huwezi kula huko. Unaweza, tena vizuri zaidi, lakini kwa kuchagua.

Shangani: karibu, pazuri, na pizza nyembamba

Faida ya Shangani huhitaji kuelezwa. Unatoka nyumbani baada ya isha, unapita Vuga au Forodhani kwa miguu, unakula, unarudi. Hulali na wazo la gari. Amore Mio, uliokaa ukingoni Shangani ukitazama bahari, ni mfano wa aina ya mkahawa utakaoupata upande huu: pizza, tambi, gelato na machweo. Machweo yana tabu yake. Kuanzia saa kumi na moja na nusu meza za mbele zinakwenda kwa wageni, na mhudumu anayehangaika na meza ishirini hatakuletea majibu ya jikoni kuhusu ragù. Nenda baada ya isha. Bahari huioni, lakini chakula kinakuja mapema na mtu anakusikiliza.

Kuhusu pizza ya Mjini nina rai yangu. Nyumba za Mji Mkongwe ni za mawe na boriti, vichochoro ni vyembamba, na kuwasha tanuri la kuni ndani ya mtaa kama huo ni kutafuta ugomvi na jirani na zimamoto kwa pamoja. Kwa hiyo tegemea tanuri la gesi au la umeme. Tanuri la namna hiyo likifanya kazi kwenye nyuzi 250 au 300, pizza ya Napoli haliwezi, kwa sababu ile inataka nyuzi 430 mpaka 480 na inatoka ndani ya sekunde 60 mpaka 90. Ukiiacha kwenye moto mdogo kwa dakika nane, unga unakauka kabla ya kupata madoa, na kesho yake taya zinauma. Ila pizza ya Roma, nyembamba, kavu, inayokatika kwa sauti, haina makuu na moto mdogo. Ukiwa Shangani agiza hiyo. Ukiona kwenye menyu wamejisifu kwa Napoli na jikoni kuna tanuri la umeme, agiza tambi.

Gelato ndiyo inayoipa Shangani ushindi kwangu, hasa ukiwa na watoto. Gelato ina mafuta ya maziwa kidogo kuliko aiskrimu ya Kimarekani, huzungushwa polepole na hivyo haina hewa nyingi, na hutolewa ikiwa haijaganda sana. Namna ya kuijua njema ni kuitazama kabla ya kuilipia. Ile ya pistachio iwe na rangi iliyofifia, kijani cha kuelekea hudhurungi. Ikiwa kijani cha bendera, ni rangi ya chupa. Ya ndizi iwe ya kijivujivu, si ya manjano. Iliyorundikwa kama mlima kwenye kabati la kioo imejazwa hewa na vitu vya kuishikilia isiporomoke. Tena kuna jambo letu la hapa: umeme. Gelato iliyoyeyuka ikagandishwa upya inakuwa na chembe za barafu, unazisikia kwenye ulimi. Baada ya ile miezi ya kiza kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, mwenye biashara ya baridi aliyekuwa na akili alinunua jenereta. Ukisikia jenereta linanguruma nyuma ya duka, usikasirike na kelele.

Msimu wa embe, omba ya embe. Pasheni nayo, na nazi. Hivyo vimetoka Kinyasini na Darajani, havikutoka kwenye kopo.

Nungwi na Paje: fuata moshi

Anayetaka pizza yenyewe, ile ambayo ufundi wake uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2017, lazima atoke Mjini. Pwani kuna nafasi ya kujenga tanuri la kuni nje, mbali na makuti, na ndivyo walivyofanya wengi Nungwi na Paje. Nungwi ni karibu kilomita 60 kutoka Mjini, dalala ya 116 inafika mpaka kijijini. Paje ni karibu kidogo.

Usikubali kuambiwa tu kwamba tanuri ni la kuni. Litazame. Wengine wamejenga tanuri zuri la udongo, wakaweka bomba la gesi ndani yake na magogo mawili mlangoni kwa ajili ya picha. Pizza ya kuni ina ukingo uliovimba wenye madoa meusi meusi, katikati ni laini kiasi cha kukunjika, na chini yake kuna alama za majivu. Yeyote aliyewahi kupokea ajemi ya moto dirishani kwa mwokaji alfajiri, ile iliyopata kuungua kidogo upande mmoja, anajua harufu ninayoisema.

Kikwazo cha huku ni joto. Unga wa pizza unataka kuumuka taratibu, saa nyingi, na kwa hali ya hewa yetu ya Februari ukiuacha mezani unapanda kabla hujamaliza kusali adhuhuri, kisha unaanguka na kuwa mchachu. Mwenye kujua kazi anauweka kwenye friji siku nzima kabla ya kuuoka. Huwezi kuingia kwenye friji lake, lakini unaweza kumuuliza unga ameukanda lini. Akijibu "jana" bila ya kusita, kaa chini.

Halafu agiza Margherita kwanza. Tungule, mozzarella, majani ya mrehani wa Kitaliano, mafuta ya zaituni, basi. Watu wetu huiona ya kimaskini wakakimbilia ile yenye kuku, mahindi, nyama na mayonezi kwa pamoja. Lakini Margherita haina pa kuficha kosa, na uzuri wake mwingine ni kwamba haina nyama, kwa hiyo lile swali la mwanzo linapungua likabaki jibini na ubao wa kukatia. Mozzarella ya nyati inatoka Italia kwa ndege na bei yake inaonyesha. Ya maziwa ya ng'ombe inatosha kabisa, alimradi inavutika. Ikikaa juu kama plastiki na kutoa mafuta ya manjano, hiyo ni jibini ya kukuna ya kwenye mfuko.

Kati ya Nungwi na Paje, chagua kwa bahari na kwa watu. Nungwi maji hayakimbii mbali, watoto wanaweza kuogelea wakati wowote, na mikahawa imebanana, kwa hiyo ukikosa meza hapa unapata pale. Usiku kuna muziki mkubwa, na kwa mzee ni adhabu. Paje maji yakitoka yanatoka kweli, upepo unawapenda wale wa tiara za baharini, na hali ni ya vijana wenye kompyuta wanaokaa miezi. Mwenyewe napenda Paje mchana na Nungwi jioni ya siku ya kazi. Jumamosi usiku, mahali pote pawili mwachie mwenye umri wa miaka ishirini na kitu.

Kuna jambo ambalo wageni hawalijui na sisi tunalijua. Mikahawa iliyo ndani ya hoteli ina walinzi getini, na Mswahili akifika kwa miguu na familia yake huulizwa anakwenda wapi kabla ya kusalimiwa vizuri. Dawa yake ni simu. Piga asubuhi, weka meza kwa jina lako, ukifika taja jina na saa. Mlinzi anatazama kwenye daftari, mazungumzo yamekwisha. Mikahawa ya barabarani, iliyo nje ya ua wa hoteli, haina habari hiyo, na mimi ndiyo ninayoanza nayo.

Kiwengwa: hapa tambi, na bahari

Ukitaka kujua Waitaliano wamekita wapi, nenda Kiwengwa na Pwani Mchangani. Watoto wa skuli wanakusalimia "ciao". Wauza vinyago ufukweni wanapatana bei kwa Kitaliano kinachotiririka kuliko cha mtu aliyesoma darasani. Ni kiasi cha kilomita 45 kutoka Mjini, dalala ya 117.

Kwa nini tambi za huku ni bora kuliko za Mjini? Kwa sababu ya anayezirudisha. Mteja wa Shangani akiletewa spaghetti zilizoiva mno anakula, analipa, anaondoka. Mteja wa Kiwengwa ni mama wa Bergamo au Bari, na sahani itarudi jikoni kabla haijatua mezani. Mpishi, ambaye mara nyingi ni kijana wa kijijini aliyeingia jikoni kuosha vyombo akafundishwa, amejifunza kwa sahani zilizorudi. Ukitaka tambi zako ziive zaidi, maana wengi wetu hatupendi kuhisi kiini kwenye meno, sema tu "niivishie kidogo zaidi." Si dhambi.

Hapo pia utakutana na aina mbili za tambi na bei zake mbili. Zile kavu, spaghetti na penne, ni za ngano ngumu na maji. Sheria ya Italia tangu mwaka 1967 inataka tambi kavu ziwe za ngano ngumu tu, na ndiyo sababu hazivurugiki sufuriani kama zile nyeupe za bei rahisi za madukani kwetu. Zile mbichi, tagliatelle na ravioli, zinakandwa kwa mayai kwa desturi ya Emilia-Romagna, hupikwa dakika mbili tatu, na hulipiwa zaidi kwa sababu mtu amezisukuma kwa mkono siku hiyo. Za mayai nazipenda kwa rojo nzito. Kwa vitu vya baharini nataka kavu.

Na vitu vya baharini ndiyo hasa sababu ya safari. Fikiria kilichomo kwenye sahani ya Kitaliano hapa kisiwani: unga umetoka nje, jibini imetoka nje, mafuta yametoka nje, nyama zilizokaushwa zimetoka nje na nusu yake huzili. Kila kimoja kimepoteza kitu njiani na kila kimoja kimelipiwa usafiri. Pweza hakusafiri. Ngisi, kamba, kaa, jodari, tungule, thomu na ndimu havikusafiri. Kadiri sahani inavyoegemea upande huo ndivyo inavyokuwa tamu na ndivyo pesa yako inavyokwenda kwenye chakula badala ya mizigo. Carbonara ya Kiwengwa iliyobadilishwa ikatiwa "nyama ya ng'ombe ya moshi" haitakuwa carbonara na haitakuwa kitu kingine. Spaghetti za pweza wa Kiwengwa zinaweza kushindana na za Napoli, na sioni aibu kulisema hilo.

Tazama mwezi ukienda. Siku za bamvua maji yanatoka mbali, watu wanashuka mwambani na vijiti vyao, na pweza wanaoletwa mikahawani jioni ile walikuwa hai asubuhi. Siku za maji mafu pweza wengi wanatoka kwenye friji. Wa friji si mbaya, baridi humlainisha, lakini uliza ili usilipie jina la "wa leo". Usishangae ukinyimwa jibini kwenye tambi za samaki: Waitaliano wanaona jibini inaua harufu ya bahari, na hapo nakubaliana nao. Nisipokubaliana nao ni kwenye nazi. Wapo wapishi wa huku wanaotia tui zito kwenye tagliatelle za pweza, na Mtaliano wa meza ya pili anakunja uso. Mwache akunje.

Tambi zenyewe si ngeni kwetu. Kila nyumba ina tambi zake za sukari, iliki na nazi za mwezi wa Ramadhani. Hata Waitaliano si wageni wa juzi: Sultani wa Zanzibar ndiye aliyewakodisha bandari za Benadir tangu 1892, kisha mwaka 1905 wakazinunua kabisa, Mogadishu, Merka, Barawa na Warsheikh. Ndiyo maana Wasomali mpaka leo wanakula baasto na rojo ya nyama, tena na ndizi pembeni. Nyumba ya Mjini yenye ndugu Barawa huenda imekula Kitaliano muda mrefu kabla ya hoteli ya kwanza ya Kiwengwa kuchimbiwa msingi.

Ubaya wa Kiwengwa ni mambo mawili. Hoteli nyingi ni za wageni waliolipia kila kitu kwao, na mtu wa nje ama haingii au analipia siku nzima. Kwa hiyo tafuta mikahawa ya nje ya ua, iliyo kando ya barabara au kwenye mchanga. Na kurudi: magharibi ikishaingia dalala zinaadimika. Nenda mchana, kula saa nane, rudi na jua. Au chukueni gari watu wanne mgawane.

Pingwe: unalipia mwamba

Mkahawa wa The Rock kila mtu ameuona kwenye picha. Umesimama juu ya mwamba baharini, mbele ya ufukwe wa Michamvi Pingwe. Maji yakitoka unaufikia kwa miguu, yakijaa unapelekwa kwa mashua. Menyu ni ya vitu vya baharini na tambi, mkono wa Kitaliano unaonekana, na kupata meza ni lazima uweke kabla.

Rai yangu ni fupi. Chakula ni kizuri, lakini sahani ya namna hiyo unaipata Kiwengwa kwa pesa pungufu. Kinachobaki kwenye bili ni mwamba, upepo na picha. Kama ni posa, mwaka wa ndoa, au mtoto wa dada amekuja kutoka Muscat na anataka picha, lipa na ufurahi. Kama ni njaa, pita. Mzee mwenye magoti mabovu usimpeleke, kuna ngazi za kupanda, na kuingia na kutoka kwenye mashua si mchezo wa umri wake. Tazama majira ya maji kabla ya kuchagua saa: mie ningeenda maji yakiwa yanajaa, ukaingia kwa miguu ukatoka kwa mashua, ukapata yote mawili kwa bei moja.

Na pizza ya Forodhani?

Si ya Kitaliano, na haijawahi kudai hivyo ila kwa jina. Donge la unga linatandazwa mpaka linaonekana upande wa pili, linatiwa kima, kitunguu, pilipili boga, yai, jibini ya kupaka na mayonezi, linakunjwa mraba na kukaangwa kwenye chuma. Ni ndugu wa mkate wa kima. Ile ya chokoleti na ndizi ni ya wageni na watoto.

Lakini kwenye ulinganisho huu ina nafasi yake, kwa sababu inashinda wote kwa vitu vitatu: bei, nyama unayoijua, na kwamba unamwona mtu akiipika mbele yako. Familia ya watu sita yenye bajeti ya sahani mbili za Shangani ikale Forodhani, kisha iende kununua gelato. Huo ndio mpango ninaowapa wenye watoto, na hakuna aliyerudi kulalamika. Patana bei kabla yai halijavunjwa, na chagua meza yenye foleni ya wenyeji. Iliyo tupu ina sababu.

Bili na majira

Menyu za pwani huwa na bei zinazomfikiria mgeni wa dola. Uliza mwanzoni utalipa kwa shilingi ngapi, na kama kodi na huduma zimo ndani au zinakuja chini ya karatasi. Samaki na kamba kochi wanaoandikwa "kwa uzito" wapimwe mbele yako. Mkahawa mmoja, sitautaja, ulinipimia jikoni, na kamba niliyelipia alikuwa mnene kuliko niliyemla.

Masika, Aprili na Mei, hoteli nyingi za mashariki hufunga au hupunguza wapishi. Mikahawa iliyobaki wazi ina utulivu na mpishi ana muda, ila usitegemee menyu nzima. Usifunge safari ya Kiwengwa mwezi wa Mei kabla ya kupiga simu. Shangani hufanya kazi mwaka mzima.

Ramadhani ni habari nyingine. Mchana Mjini utulivu, pwani hoteli zinawahudumia wageni wao ndani. Usiku mikahawa ya Mjini inafunguka na inajaa kuliko miezi mingine. Ukitaka meza ya Shangani mwezi huo, iweke kwa baada ya tarawehe, usiiweke kwa magharibi. Wapishi nao wanafuturu.